Fisi Kwenye Zulia la Mama

Jumapili, 3 Juni

Greda liliingia mtaani kwetu wiki iliyopita, na hata leo Jumapili halikupumzika. Barabara ambayo tumeilalamikia tangu niko shule ya msingi hatimaye inachimbwa ili iwekwe lami. Vumbi lake halina adabu. Nimefunga madirisha yote, nimeziba chini ya milango kwa mataulo yaliyokunjwa, na bado ukilamba midomo unaonja udongo.

Naandika kwa sababu nyumba hii haina mtu wa kuongea naye baada ya chakula. Tumebaki wawili, mimi na Baba. Mama alifariki mwaka jana, moyo wake ulisimama akiwa anaanika nguo. Ndoa yangu ilikuwa imeshakwisha, kwa hiyo nilirudi nyumbani na masanduku yangu. Mchana nakata vitambaa kwenye duka la mapazia. Jioni nasikiliza kifua cha Baba.

Kifua chenyewe kinapiga miluzi. Daktari amesema ni pumu, na mapafu nayo yamechoka. Amempa dawa ya kuvuta kwa mdomo na kutuonya juu ya kitu kimoja tu, vumbi. Nimetoka pale nimelichukia vumbi kama mke mwenza.

Jumanne, 5 Juni

Sebule yetu ina zulia la ukuta kwa ukuta, jekundu la kuiva, ambalo Mama alilipata kutoka hoteli iliyokuwa inafungwa. Alilileta juu ya lori la kokoto, amekaa juu yake mwenyewe ili lisipepee. Hoteli hiyohiyo ilimpa na mashine ya kufyonza vumbi, ya chuma, nzito kama mtungi wa gesi. Mimi na Kaka tuliipa jina Fisi kwa sababu inakula kila kitu: vifungo, pini, hata mguu wa mdoli wangu.

Mama alikuwa anaendesha Fisi kila Jumamosi, na kabla ya kuiwasha alitufukuza nje wote, Baba akiwemo. Hakuna aliyebishana. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Sajenti. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi za nje, mlango wa jikoni, nikiamini kabisa kwamba mama yangu ana siku moja kwa wiki ambayo hataki kutuona.

Leo nimerudi kazini nimemkuta Baba kwenye kiti chake, anakohoa.

"Mwanangu, washa Fisi."

"Leo si Jumamosi, Baba."

"Vumbi nalo linajua leo si Jumamosi?"

Nimewasha. Akainua miguu nipite chini ya kiti, akafumba macho. Nilipozima akasema nirudie pale karibu na dirisha. Nikarudia. Nimeamua itakuwa kila siku, mpaka barabara iishe.

Ijumaa, 8 Juni

Nimetoka kazini, nimewasha Fisi, nimelala.

Jumamosi, 16 Juni

Kaka amekuja na mkewe. Wifi yangu ana nyumba ya vigae vyeupe, na akiingia kwetu huwa anavua viatu taratibu na kuviangalia kama anaviaga. Niliwasha Fisi walipokuwa wameshakaa, ili waone kwamba kazi inafanyika. Wifi alipiga chafya mfululizo mpaka machozi yakamtoka. Nikasema moyoni, huyo naye na maigizo yake.

Kaka alitaka kuzungumza. Kaka akitaka kuzungumza huwa anavuta kiti mpaka magoti yake yaguse yako.

"Baba, twende kwangu. Kule hakuna zulia, hakuna vumbi, chumba kipo."

"Kwako nikitembea nasikia hatua zangu mwenyewe tu," Baba akajibu.

"Sasa hilo nalo ni tatizo?"

"Kwako si tatizo. Mna watoto, kuna kelele. Mkiondoka asubuhi, je?"

Kaka akanigeukia mimi. "Na hili zulia likatwe, litupwe. Wewe ndiye unamwachia."

Mimi. Mtu anayeliendea zulia hilo kwa magoti kila jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama dukani. Nilimwambia akitaka kulikata, mkasi wangu wa kazini uko pale, amwulize Baba kwanza. Hakumwuliza.

Jumapili, 17 Juni

Upepo. Mara mbili leo, asubuhi na jioni.

Alhamisi, 28 Juni

Bosi ameniuliza kwa nini nasinzia juu ya meza ya kukatia. Nimemwambia nyumbani kuna greda. Amecheka, amedhani namaanisha mume mpya.

Fisi naye amechoka. Havuti kama zamani, inanibidi nimkandamize na kupita sehemu moja tena na tena. Nikimaliza, kuna harufu inayobaki sebuleni, kama ya gunia kuukuu. Baba anasema anaipenda, ni harufu ya usafi. Kisha anakohoa.

Jumatatu, 9 Julai

Leo nitaandika yote, mikono ikubali isikubali.

Asubuhi Baba alikuwa vizuri. Alikaa ngazini nje, greda halikuwepo, akanywa chai yake, akamtania muuza maziwa. Niliporudi saa za jioni aliingia ndani nami, nikafunga madirisha, nikawasha Fisi. Nilipiga zulia lote, nikarudia, nikamaliza na kile kipande cha karibu na dirisha anachokipenda. Alikuwa amefumba macho, miguu juu. Nikaenda jikoni kuweka sufuria.

Nilisikia kikohozi kikianza, sikuharakisha. Nimekizoea. Kisha kikakatika, na kukatika kwake ndiko kulikonitoa jikoni mbio. Baba alikuwa ameshika mikono ya kiti, mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi, na hewa haiingii. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Nilimpa dawa, akavuta, haikufika popote. Nilimkokota mpaka barazani nikipiga kelele kwa jirani mwenye teksi. Kwenye gari, kioo kikiwa kimeshushwa, alianza kuvuta kidogo kidogo.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alikuwa anaandika.

"Nyumbani kuna anayevuta sigara?"

"Hakuna."

"Mnapikia mkaa ndani?"

"Gesi, daktari. Na zulia nalisafisha kwa mashine kila siku, wakati mwingine mara mbili."

"Vizuri sana," akasema, wala hakuinua kichwa.

Kaka alifika na shati alilolivaa kinyume. Alimtazama Baba na bomba puani, akanivuta kando, na sikuwahi kumwona Kaka akiwa na uso ule. "Akilazwa tena, namchukua. Sitaki mjadala." Nilirudi kukaa karibu na kitanda cha Baba, kwa sababu kama nisingesikia kile kikohozi kikikatika, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Ijumaa, 13 Julai

Amerudi nyumbani, mwepesi, anatembea akishika ukuta. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Fisi mzima. Nimemwambia mzima. Siku ambazo Baba alikaa hospitali sikumgusa Fisi, nilikuwa nalala tu.

Jumamosi, 14 Julai

Fisi mara mbili, kufidia.

Ijumaa, 20 Julai

Lami. Imemwagwa tangu alfajiri, na mtaa mzima umetoka kuitazama kama harusi. Inanuka, inang'aa, na gari likipita halinyanyui hata punje. Jirani mwenye teksi alipita akaenda, akageuza, akarudi, bila abiria. Nimempigia Kaka. Nimemwambia imekwisha, Baba sasa atapona, adui kashindwa. Akasema, "Haya, tuone." Nimelala nikiwa na furaha ambayo nilikuwa nimeisahau.

Jumamosi, 28 Julai

Hajapona.

Nje ni safi, majani ya ua yameoshwa na umande na yamebaki safi. Ndani, kikohozi kimezidi. Kinaanza jioni, kinapanda, asubuhi kinashuka. Madirisha nimeendelea kuyafunga, maana asubuhi kuna baridi na Baba hataki upepo wa mgongoni. Sina tena wa kumlaumu. Greda limeondoka na lawama zote nilizolipakia, na zimerudi kwangu.

Napita na Fisi, nakandamiza mpaka mkono unakufa ganzi. Baba anasema, "Tena. Pale dirishani." Leo nilimkaripia. Nilimwambia mimi si mashine. Akashusha miguu, na nikajiona mbaya kuliko vumbi.

Jumamosi, 4 Agosti

Kaka na Wifi walikuja baada ya chakula. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza zulia. Baba aliwasalimia kwa vipande, neno moja, pumzi, neno moja. Kaka hakuvuta kiti safari hii. Alisimama.

"Jumamosi ijayo nakuja na gari. Utamfungia begi."

Baba hakubisha. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alitazama tu zulia.

Kaka akatoka nje kupoza hasira. Wifi alibaki, anafuta pua kwa leso, anaizunguka ile mashine.

"Wifi, nikwambie kitu bila ugomvi?"

"Jaribu."

"Hii mashine inanuka."

"Inanuka nini?"

"Inanuka kile inachokila. Ukiwasha, kaa nyuma yake uone. Mimi mafua yangu yanaanza ukiiwasha, si nikiingia."

Nilimwambia kwamba kama nyumba yangu inanuka, mlango ni uleule alioingilia. Nilisema "nyumba yangu", nayo si yangu. Akavaa viatu vyake. Safari hii hakuviangalia.

Jumapili, 5 Agosti

Nimeamka na hasira, na hasira ndiyo iliyofanya kazi yote ya leo. Nilitaka kumthibitishia Wifi kwamba ni mwongo.

Nilishusha mapazia ya sebuleni niyafue, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Jua likaingia moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Baba. Kwenye mwanga ule vumbi lilikuwepo, chembe chache zinazoelea kivivu, za kawaida. Nikamwasha Fisi. Nikakaa nyuma yake, kama nilivyoambiwa.

Kutoka nyuma kulikuwa kunatoka moshi. Mwembamba, laini, unapanda kwenye mwanga kama mvuke wa sufuria na kutanda mpaka juu ya kichwa cha Baba. Kila nilipokandamiza ulizidi. Niliweka kiganja pale nyuma, hewa ya joto ikanipiga, na nilipokigeuza kiganja kilikuwa na unga wa kijivu, laini kuliko unga wa ngano. Nikazima. Unga haukushuka. Nilikaa nikiutazama, mwanga ukahama ukutani, nao bado unaelea.

Miezi miwili. Nilifikiri vumbi likishaingia kwa Fisi linakwenda zake. Sikuwahi kujiuliza linakwenda wapi.

Nilimfungua tumboni kwa bisibisi, kwa sababu kibanio kilikuwa kimeganda. Ndani mlikuwa na mfuko umejaa mpaka unapasuka, na haukuwa mfuko wa duka. Ulikuwa wa kitambaa, umeshonwa kwa mkono. Nikaubeba nje, nikaukung'uta kwenye pipa nikiwa nimeshika pumzi, nikarudi nao mtupu. Nikauinua dirishani.

Maua madogo ya buluu. Shuka. Imefuliwa miaka hata ikawa nyepesi kama chujio. Siku nzima dukani kazi yangu ni kuwaambia wateja kitambaa hiki kinapitisha mwanga, hiki hakipitishi. Hiki kilikuwa kinapitisha mwanga, na kinapitisha kila kilicho chepesi. Takataka nzito zilibaki mle ndani. Ile laini, inayofika kifuani, nilikuwa nampulizia baba yangu kila jioni, madirisha yamefungwa, kwa mapenzi yote.

Nilikaa chini palepale kwenye zulia nikalia.

"Hiyo shuka ilikuwa ya kitanda chetu," Baba alisema kutoka kwenye kiti. "Mifuko ya karatasi iliadimika, mama yako akasema hashindwi na mfuko."

Nikamweleza. Nilimwonyesha kiganja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Kwa hiyo na yeye alikuwa anajilisha vumbi?"

"Mama alikuwa na shida ya moyo, Baba. Hospitali walisema moyo."

"Hakuwahi kukohoa," akasema, kama mtu anayehesabu nguo zilizo kambani. "Alikuwa anajifunga kitambaa puani. Anafungua madirisha yote, mpaka la chooni. Sisi wote nje. Nikimwuliza tunaingia saa ngapi, ananiambia, 'Nikisema.'" Akatikisa kichwa. "Nilidhani hataki tukanyage kazi yake."

"Mimi nilidhani hataki kutuona."

"Hakueleza. Yule alikuwa haelezi kitu."

Alijua mfuko wake hautoshi, na akafidia kwa madirisha na kwa kutufukuza. Na sisi tulirithi mashine, tukaacha yote mengine. Nimemwita Sajenti maisha yangu yote.

"Sasa Baba, kwa nini wewe unakaa hapa ninapofanya kazi? Kwake ulikuwa unatoka."

"Nasikiliza. Nikifumba macho nadhani ni yeye. Lakini haiwi sawasawa, kuna kitu hakipo, ndiyo maana nakwambia urudie."

Jumatatu, 6 Agosti

Nimempigia Wifi wakati wa mapumziko.

"Wifi, ulisema kweli. Mfuko wa ndani ni shuka."

"Shuka ya kulalia?"

"Ya kulalia."

"Nikicheka utakata simu?"

"Nitakata."

"Basi nitacheka baadaye. Nipe jina la hiyo mashine lililoandikwa ubavuni, nikutafutie mifuko."

Huyu mtu nilimfukuza juzi. Nimemwomba radhi, na sikujiongezea maneno.

Jumatano, 8 Agosti

Fisi amelala. Madirisha wazi mchana kutwa, Baba anajifunika blanketi. Nafuta meza na viti kwa kitambaa cha maji. Kikohozi cha jioni kilikuja, kikapita bila kupanda.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimefunga begi la Baba. Mashati, dawa, redio. Amenitazama nikifanya hivyo, nami nikaendelea kukunja, kwa sababu siku chache za kupumua vizuri si hoja ya kumpelekea Kaka. Nimechoka mpaka kope. Begi nimeliweka karibu na mlango wa sebule.

Jumamosi, 11 Agosti

Walifika asubuhi. Wifi alitangulia, amebeba pakiti ya mifuko ya karatasi nzito na sponji la kuchuja hewa, vyote kutoka kwa fundi mmoja anayehifadhi vipuri vya mashine ambazo hata waliozitengeneza wameshazisahau. Tulimfungua Fisi pamoja, tukamsugua, tukamvalisha. Sponji tuliliweka pale nyuma panapotokea hewa.

"Lakini zulia bado ni zulia," Wifi alinong'ona. "Siku moja litoke."

"Siku moja."

Kaka alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi, anaangalia begi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameshaanza kuinua miguu.

Nilifungua madirisha yote, mpaka la chooni. Nikajifunga kitambaa puani. Nikageuka.

"Wote nje."

"Hata mimi?" Kaka akauliza.

"Hasa wewe. Nenda ukakae ngazini, umshike Baba mkono."

Walinitazama, mtoto na baba yake, na sura zao zilikuwa moja. Kisha wakatoka, bila kubishana, kama zamani. Wifi alichukua leso yake akawafuata.

Nilipiga zulia taratibu, mara moja tu. Fisi alivuta kama kijana. Nikazima, nikaenda mpaka mlango wa jikoni.

Baba alikuwa amekaa ngazi ya juu, macho wazi, uso kuelekea kwenye lami. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Ndiyo hiyo," alimwambia Kaka.

"Ndiyo nini, Baba?"

"Sauti yake. Nilikuwa naitafuta kule ndani. Miaka yote nilikuwa naisikia nikiwa hapa."

Kaka alitazama funguo zake. Pumzi ya Baba ilikuwa inasikika, ina miluzi bado, lakini inaingia na kutoka bila kusukumwa. Nadhani wote watatu tulikuwa tunaisikiliza. Kaka akasimama, akajifuta suruali.

"Ngoja nichukue begi."

Nikasimama katikati ya mlango. "Begi liko ndani. Hakuna kuingia."

"Nalirudisha chumbani kwake," akasema. "Nafungua tu mlango."

"Nimesema hakuna kuingia. Vumbi halijatua."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka niseme."

Baba alimgusa Kaka kwa kiwiko, akamvuta akae. "Sajenti," alisema polepole, na mimi nilijifanya sikusikia, nikarudi ndani kufuta meza.